Niliyojifunza kwa Cô Ba nikiosha vyombo

Usiku ule nilimsikia kabla sijamwona. Nilikuwa nyuma kwenye sinki, mikono ndani ya maji ya moto hadi viwikoni, sahani zikizidi kurundikana. Karamu ya harusi ya Wavietnam hapa Houston hupakuliwa mara nane, tisa, hata kumi, na kila mpakuo una sahani zake. Hesabu hiyo mwosha vyombo anaijua kuliko bwana harusi. Wahudumu waliposukuma mlango wa jikoni, sauti ya mwanamke iliingia. Mlango ukirudi, inakatika. Nikajikuta nimesimama na sahani mkononi, nangoja mlango.

Sikuelewa hata neno moja. Lakini nilikuwa nimefundisha kwaya miaka tisa, na sikio la mwalimu wa kwaya halistaafu. Yule mama alikuwa anafanya jambo lililowashinda waimbaji wangu kila Jumamosi ya mazoezi: alikuwa anachelewa kwa makusudi. Kinanda kimefika, yeye bado. Anakuja nyuma yake kidogo tu, kama mgeni anayejua kwamba chakula hakitaanza bila yeye.

Nilikuwa na miezi minne Marekani. Nilizaliwa Fizi, Kivu ya Kusini. Mwaka 1996 vita vilipotufikia nilikuwa na miaka sita. Tulivuka Ziwa Tanganyika usiku, tukashukia upande wa Kigoma, na mwisho wa safari ukawa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka huohuo wilayani Kasulu. Nilikaa humo miaka ishirini. Ndimo nilimojifunza kusoma, kuoa, na kupanga sauti nne bila kinanda. Mwaka 2016 jina langu lilipotoka kwenye ubao wa matangazo, Wakongomani tulikuwa wengi kuliko wakimbizi wa taifa lingine lolote walioingia Marekani. Wengi wetu tuliishia kwenye majokofu ya nyama, kwenye vyumba vya hoteli, au kama mimi, kwenye sinki.

Alipomaliza kuimba aliingia jikoni na gauni lake refu la áo dài, akaomba maji ya moto. Akatoa kwenye mkoba chupa ndogo yenye ndimu iliyokaa kwenye chumvi mpaka ikageuka kahawia, akaiponda ndani ya kikombe. Watu wa pwani wangesema ni achari. Akaniona namtazama, akanisogezea kikombe nionje. Hivyo ndivyo tulivyofahamiana, na Kiingereza cha kila mmoja wetu kilikuwa cha kuokoteza, kwa hiyo tulielewana vizuri sana.

Wote walimwita Cô Ba. *Cô* ni kama shangazi. *Ba* ni tatu, ila yeye ni mtoto wa pili kuzaliwa, kwa sababu kusini mwa Vietnam hesabu ya watoto huanzia mbili. Nilipomwambia kwamba kwetu mtu mzima kama yeye tungemwita mama, alicheka: kusini kwao mama ni *má*, na baba ni *ba*. Tangu siku hiyo aliniita *con*, mtoto.

Alitoka Mỹ Tho, kwenye delta ya Mto Mekong. Alianza kuimba akiwa binti mdogo, nyimbo ambazo Wavietnam wanaziita *nhạc vàng*, muziki wa njano: mapenzi, mvua, askari aliye mbali, kuagana. Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, ilipoanguka mikononi mwa wakomunisti wa kaskazini tarehe 30 Aprili 1975, serikali mpya ilizipiga marufuku. Baba yake, aliyekuwa mwanajeshi wa upande ulioshindwa, alipelekwa kwenye kambi ya kile kilichoitwa mafunzo upya. Cô Ba alitoroka kwa mashua mwaka 1980. Kuhusu siku zile za baharini ameniambia jambo moja tu, kwamba maharamia walipanda mara mbili. Sijauliza zaidi.

Walifikia Pulau Bidong, kisiwa cha Malaysia chenye ukubwa wa kama kilomita moja ya mraba, ambacho mwaka mmoja kabla ya kufika kwake kilikuwa kimebanana watu wapatao 40,000. Tulilinganisha kambi zetu kama watu wazima wanavyolinganisha shule walizosoma. Maji yenu yalitoka wapi? Foleni ilianza saa ngapi? Kwetu majina ya wanaosafiri yalibandikwa ubaoni. Kwao yaliitwa kwa vipaza sauti, kisiwa kizima kikisikia, hata asiyeitwa. Na kote kuwili palikuwa na nyimbo. Nilimwambia kwamba Nyarugusu ukitembea Jumamosi jioni huwezi kwenda mbali bila kukuta kwaya nyingine inafanya mazoezi. Akasema Bidong palikuwa na gitaa, na mwenye gitaa hakuwahi kukosa chakula.

Hapo ndipo alipoanza kuwa mwimbaji wa kazi, anasema. Alipoona kwamba wimbo unaweza kubadilishwa kwa samaki.

Nikiri kwamba maneno hayo yalinichoma. Sisi tulilelewa kwamba sauti ni mali ya Mungu, na anayeiomba haombwi malipo. Hapa Houston jamaa wa Kikongo walinipigia simu karibu kila wiki: Mwalimu, tuna harusi, njoo na vijana mtusaidie. Kusaidia ni neno zito. Maana yake tubebe spika wenyewe, tulipe petroli wenyewe, tuimbe kuanzia saa moja hadi saa saba usiku, tupewe sahani ya wali na ndizi, na Jumapili tuambiwe Mungu awabariki. Vijana wangu wawili walikuwa wanaacha zamu ya usiku kazini ili waje. Nilipiga hesabu siku moja: kila harusi ya bure ilitugharimu kodi ya wiki.

Nilimweleza Cô Ba. Hakunionea huruma. Aliuliza swali moja: mpishi wa harusi hizo hulipwa? Hulipwa. Mpiga picha? Hulipwa. Mwenye ukumbi? Hulipwa kabla. Akanyamaza, akaendelea kuponda ndimu yake.

Lazima niseme habari za California, kwa sababu bila hiyo mtu anaweza kudhani alizaliwa na akili hizi. Alifika Texas mwaka 1981, akaishi kwa mjomba wake mvuvi wa kamba kwenye ghuba ya Galveston. Ulikuwa mwaka mbaya: Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, walikuwa wanawatisha wavuvi wa Kivietnam, walichoma mashua hadharani kuonyesha watakalofanya, mpaka mahakama hapa Houston ikawazuia. Cô Ba alikuwa anachambua kaa kiwandani, na Jumamosi anaimba harusini. Lakini macho yake yalikuwa California. Huko Westminster, katika kaunti ya Orange, ndiko Wavietnam walikojenga mji wao ndani ya mji, Little Saigon, na ndiko kampuni za kanda zilikokuwa. Wakati huo kanda za video za maonyesho ya Paris By Night, yaliyoanzia Paris mwaka 1983, zilikuwa zinazunguka kila nyumba ya mkimbizi, na nyingine zikipenyezwa kwa magendo hadi Vietnam kwenyewe. Ukionekana humo, umefika.

Alikwenda mwaka 1988. Kampuni moja, ambayo hakunitajia jina, ilimsikiliza ikamwambia sauti anayo ila umri umemtupa. Alikuwa na miaka 29. Akachukua akiba yake ya kiwandani, akarekodi kanda yake mwenyewe, nyimbo kumi, nakala mia tano, akazipeleka madukani kwa mali kauli. Baada ya miezi miwili alikuta kanda yake inauzwa kwa bei nusu, picha ya jalada imefifia kwa kurudufiwa. Aliinunua.

"Kwa nini uliinunua?" nikamuuliza.

"Nisikie kama wamenakili vizuri."

Walikuwa wamenakili vizuri. Akapanda basi akarudi Houston, akajifunza kutengeneza kucha kama wanawake wengi wa Kivietnam, na kwa miaka thelathini kucha zilimlisha na sauti ikamsomeshea binti. Hakutoa kanda nyingine. Aligundua kwamba wenye kunakili wanaweza kuiba kanda lakini hawawezi kuiba Jumamosi, kwa sababu Jumamosi anayehitajika ukumbini ni yeye mwenyewe, na nguo zake, na daftari lake.

Daftari hilo nitalieleza, maana ndilo lililonifundisha zaidi ya maneno yake. Lilikuwa dogo, jalada la plastiki, na kila wimbo ulikuwa na mstari wake: jina, mwendo, ufunguo wa sauti. Karibu na ufunguo palikuwa na herufi zilizokatwa. Wimbo ulioanzia kwenye La ulikatwa ukawa Sol, mwaka mwingine ukakatwa ukawa Fa. Kila mwaka alijisikiliza na kujishusha, bila aibu, kama mtu anayepunguza nguo. Mimi nimewahi kukaa na waimbaji waliopasua koo kwa miaka mitatu wakigombania noti moja ya juu kwa sababu waliiimba walipokuwa na miaka ishirini. Nami ni mmojawapo.

Upande wa pili wa daftari aliandika majina. Bibi harusi, bwana harusi, wazazi wa pande zote, na jinsi ya kumwita kila mmoja, kwa sababu kwa Kivietnam hakuna "wewe" ya kumwambia kila mtu. Lazima ujue kama huyu ni baba mkubwa au mdogo, kama ni dada au shangazi. Kwetu Kongo tunajua mabanga: mwenye pesa anamlipa mwanamuziki amtaje ndani ya wimbo. Cô Ba hatoi mabanga. Lakini bibi wa miaka themanini akiitwa jukwaani kwa wito wake sahihi, mbele ya wajukuu wasiojua hata kumwamkia, nimeona meza nzima ikifuta macho.

Harusi zenyewe huchelewa. Kadi inasema saa kumi na mbili jioni, mpakuo wa kwanza unatoka saa mbili. Wao wanaiita *giờ dây thun*, saa ya mpira, kwa kuwa inavutika. Nilipoambiwa nilijisikia nimefika nyumbani. Na halafu, jambo ambalo sikulitegemea, mpiga kinanda akibonyeza mdundo wa pili wa jioni, unaitwa rumba. Rumba! Ni ya taratibu, haina seben, ile sehemu ya magitaa ya kasi ya kuchezea, mtu wa Kinshasa angelala nayo. Lakini ni ndugu. Sahani za santuri za Cuba zilifika Leopoldville, Kinshasa ya leo, tukaokota rumba. Bolero, muziki wa mapenzi wa taratibu wa Cuba hiyohiyo, nayo ikafika Saigon wakaivalisha huzuni yao. Bahari mbili tofauti, na sisi wawili tumekutana jikoni Texas tunabishana ipi ni rumba ya kweli. Mwaka 2021 UNESCO ilipoiandika rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu nilimpelekea habari hiyo kama ushahidi. Hakujibu.

Alinipandisha jukwaani mwaka 2018. Alinifundisha wimbo mfupi wa Kivietnam, neno kwa neno, wiki tatu. Wenyewe wana lugha ambayo sauti ikipanda au kushuka neno linageuka jingine. Kiswahili kinatuonjesha kidogo tu kwa barabara ya kupita na barabara ya sawasawa. Kibembe, lugha ya mama yangu, kina sauti za juu na chini, kwa hiyo nilijiona hodari. *Má*, kwa sauti inayopanda, ni mama. *Ma*, sauti ikilala, ni mzimu. Kwa hofu nililaza zote. Nilisimama mbele ya watu mia tatu nikimshukuru mzimu mpendwa aliyeninyonyesha.

Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Wakanitunza, noti ndogondogo, dola 85. Video ikasambaa kwenye simu, na kwa miezi miwili nilialikwa harusi baada ya harusi: yule Mwafrika anayeimba Kivietnam aje. Nilikwenda mara nne. Mara ya nne nilielewa kwamba hakuna aliyekuwa ananisikiliza. Walikuwa wanangoja nikosee. Nilimwambia Cô Ba sitaki tena. Alidhani nitasema hivyo mapema zaidi. "Walilipa kucheka," akasema. "Kicheko hakirudii mara mbili. Sasa waimbie wako."

Hapo sikukubaliana naye moja kwa moja, na hadi leo sijui nani ana haki. Maana mimi nimekulia Tanzania na nimemsikia Remmy Ongala. Mtoto wa Kindu, Kongo, mwaka 1978 akahamia Dar es Salaam, akaimba na Orchestra Makassy halafu Super Matimila, na Watanzania wakamfanya wao. Samba Mapangala naye alizaliwa Matadi, Kongo hiyohiyo, akaimbia Nairobi na Kenya nzima ikacheza. Hao hawakujifungia kwenye harusi za Wakongomani. Kwa nini Cô Ba aliimba miaka thelathini na zaidi Houston na hakuna Mmarekani hata mmoja anayemjua?

Nimeliwaza jambo hili nikiwa njiani kwenda kazini, na jibu nililolipata si la kufurahisha sana. Remmy alivuka mpaka lakini hakutoka nje ya Kiswahili. Alipofika Dar msikilizaji alikuwa ameshakuwepo, anamngoja, anaelewa mzaha wake na kilio chake. Cô Ba alivuka akaacha lugha nyuma, ikabaki ndani ya ukumbi wa watu mia tatu kila Jumamosi. Watu hao wanazeeka. Nyimbo zao zilisimama mwaka 1975 kama saa iliyoanguka majini. Nimeona wajukuu kwenye meza za nyuma wakitazama simu mpaka MC aanze nyimbo za Kiingereza. Yeye analiona pia, hasemi.

Na kuna ukali ndani yake ambao mimi sinao. Mwaka 2014 Khánh Ly, sauti kubwa ya Saigon ya zamani aliyeishi uhamishoni Marekani tangu 1975, alirudi akaimba Hanoi. Cô Ba bado anamkasirikia. Anasema hataimba mbele ya waliompeleka baba yake kambini. Mimi nikialikwa kuimba Fizi kesho, hata na waliotufukuza, nitapanda ndege usiku huu. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Wewe ulikuwa na miaka sita."

Malipo sasa. Nilianza kudai malipo ya kwanza nusu, kabla, mwaka 2019. Baba wa bibi harusi wa kwanza niliyemwambia alinitazama kama nimemtukana. "Mwalimu, si wewe ni mtoto wetu?" Mzee mmoja wa kanisa alinisema mbele ya watu: sauti ya Bwana inauzwaje? Nikamjibu nilichojibiwa mimi, habari za mpishi na mpiga picha, na hakikufaa; kilionekana ni kiburi. Harusi mbili zilikwenda kwa kwaya nyingine, ya bure. Ya tatu ilirudi kwetu kwa sababu ile ya bure ilifika saa nne usiku bila mpiga kinanda. Sikufurahia moyoni. Niseme kweli, nilifurahia kidogo.

Ibada hatutozi. Msiba hatutozi kamwe, na hilo Cô Ba mwenyewe alikuwa hajui kama ananishauri au ananiuliza, tulifikia pamoja. Sherehe tunatoza, nusu mbele, taslimu, jina kwenye daftari. Nina daftari langu. Lina ufunguo wa kila wimbo na tayari kuna uliokatwa.

Mwaka 2020 kumbi zilifungwa. Zilipofunguliwa, Cô Ba hakurudi kila Jumamosi. Sauti ilikuwa imekaa muda mrefu bila kazi na ilikataa kuamka yote. Siku hizi huimba mara chache, na mwaka huu aliniita kwenye sherehe ya Tết, mwaka mpya wao, ukumbi wa parokia, viti vya plastiki. Alimwambia mpiga kinanda ashushe. Akashusha. Shusha tena. Akashusha. Yule kijana akasema ukishuka zaidi ya hapo utakuwa kwenye sauti ya mwanamume.

"Ndiyo maana nimekuja naye," akasema, akaninyooshea kidole.

Tuliimba wimbo mmoja, yeye juu, mimi sauti ya pili, maneno machache niliyopewa, yote bila mama wala mzimu. Alichelewa nyuma ya kinanda kama zamani na mimi nikachelewa nyuma yake.

Kwenye maegesho alinipa bahasha nyekundu. Mwezi wa Tết Wavietnam hupeana bahasha hizo zenye pesa za baraka, na ni utovu wa adabu kuifungua mbele ya aliyekupa. Nilimrudishia, nikamwambia wewe ni mama yangu, sitoi sauti kwako kwa pesa. Alikasirika kweli.

"Hiyo si ya baraka. Ni mshahara. Hesabu mbele yangu."

Nikafungua, nikahesabu chini ya taa. Zilipungua dola tano. Nikamwambia zimepungua dola tano.

Akafungua kiganja cha mkono wa pili. Ilikuwa mle, imekunjwa.